Diorama ya mnara wa taa katikati ya msitu: ukungu unanishinda, halafu kila kitu kinaonekana toi

mtunga_vidogo:

Wakuu habari zenu. Kuna diorama (mandhari ndogo ya kuchonga ndani ya boksi) naitengeneza na nimefika mahali nimekwama, naomba mawazo yenu.

Mdogo wangu anaandika hadithi ya kifantasia, hajaimaliza bado ila kuna sura moja imenikaa kichwani haitoki. Kwa kifupi ni kwamba usiku mmoja bahari iliondoka ikaenda zake, mnara wa taa ukabaki nchi kavu, miaka ikapita pakaota msitu mkubwa umeuzunguka ule mnara wote. Sasa mzee anayetunza taa hajaacha kazi, kila jioni anapanda ngazi anawasha, watu wanamcheka eti unamwashia nani, kumbe usiku ukungu ukishatanda juu ya miti kuna merikebu zinapita juu ya ule ukungu na ni yeye tu anayeziona. Huo usiku ndo nataka niutengeneze.

Nilichonacho ni boksi lililo wazi mbele, upana sentimita 40, kina 30, kwenda juu 45. Mnara nimeuanza kwa bomba la karatasi ngumu, miti nasuka kwa waya, ardhi nachonga kwenye ile foamu ngumu ya kuzuia joto ukutani. Shida zangu ni hizi: sijui nishike skeli gani, ukungu nikiweka pamba inaonekana pamba tu haina cha ukungu wala nini, merikebu sijui nizishikilie na nini zisionekane zimening'inia, na kubwa kuliko yote ni kwamba mnara wenyewe hata nikiupaka rangi vizuri unaonekana toi. Mnisaidie jamani.

---

pindo_la_boksi:

Mkuu hadithi kali hiyo, mwambie mdogo wako aimalize.

Anza na skeli kabla hujagusa kingine chochote maana ukikosea hapo vyote vitakataana. Chukua kitu kirefu kuliko vyote uone kinaingia wapi. Mnara wa mita 20, kwa 1:35 (yaani kipimo halisi ukigawanya kwa 35) unakuwa sentimita 57, huo boksini hauingii. Kwa 1:72 unakuwa 28 hivi, ukiweka na ardhi ya sentimita 5 chini unafika 33, juu inabaki nafasi ya anga. Kwa hiyo 1:72 ndo yako, na uzuri ni kwamba ni skeli ya kawaida ya vifaa vya modeli, watu na vikorokoro vingine vipo vya kununua kama hutaki kuchonga kila kitu.

Baada ya hapo kila kitu kipitie kwenye kugawanya kwa 72. Mzee wa sentimita 170 anakuwa 2.4. Mlango wa mita 2 ni sentimita 2.8. Reli ya kule juu kwenye roshani yenye urefu wa mita moja ni sentimita 1.4, na kipandio kimoja cha ngazi ni milimita mbili na nusu. Jani la sentimita 10 ni milimita moja na kidogo tu, hapo ndo wengi wanaangukia, wanabandika majani makavu ya mti halisi, kila jani linakuwa kubwa kumzidi yule mzee mwenyewe. Saga sponji kwenye blenda (blenda ya zamani, sio ya jikoni), changanya rangi za kijani mbili tatu pamoja na kahawia kidogo, hayo ndo majani yako.

---

KisuNaGundi:

toi inatokana na vitu vitatu, kung'aa, rangi moja, na kingo kali. kitu halisi cha mita 20 ukikiangalia kwa mbali haking'ai hivo na hakina kona iliyonyooka kama wembe, kwa hiyo piga msasa kingo zote kidogo, tumia vanishi isiyong'aa kabisa mwishoni, na rangi usipake moja. ule mnara kama ni mweupe usipake nyeupe, anza na kijivu cha moto moto kote, halafu nyeupe chafu juu yake ukiacha kijivu kibaki kwenye mifereji, halafu ndo brashi kavu yaani unachovya brashi unaifuta kwenye kitambaa mpaka inakaribia kuisha unapitisha juu juu inashika kwenye vilivyotokeza tu.

alafu kuna kitu hujakigusa kabisa mkuu na kwangu ndo roho ya kazi yote. mtu akiona mnara katikati ya msitu atajuaje kwamba bahari ilikuwepo?? hutakuwa pale kumsimulia. inabidi mnara wenyewe useme. weka mstari wa maji. chagua kimo, mfano sentimita 4 kutoka chini, chini ya huo mstari chokaa yote imeliwa, jiwe limeonekana, rangi ni kijani cheusi cheusi na kahawia, na kuna ukoko wa chaza. ukoko wenyewe ni rahisi, paka gundi ya mbao kwa kugusa gusa na ncha ya kijiti cha meno, nyunyizia mchanga laini sana, ikikauka paka kijivu halafu brashi kavu nyeupe. usiueneze sawa sawa, uwe mzito kwenye nyufa na upande mmoja uzidi mwingine. juu ya mstari mnara ni msafi kiasi. mtu akiangalia sekunde mbili anaelewa maji yalifika hapa.

na nanga. weka nanga imelala imekumbatiwa na mizizi, mzizi umepita ndani ya pete. hiyo peke yake inasema miaka mingapi imepita

---

dada_waya:

KisuNaGundi hapo kwenye nanga umenimaliza 😄

Mimi niseme ya ukungu. Kaka tupa hiyo pamba, nyuzi zake ni fupi zinajikunja zinafanya madonge ndo maana inaonekana pamba. Tafuta zile nyuzi za poliesta za kujazia mito, ni ndefu, chukua kidogo sana uvute taratibu kwa mikono miwili mpaka uweze kuona vidole vyako kupitia humo. Ukidhani imetosha vuta tena. Usiweke kipande kimoja kinene, weka tabaka nyembamba tatu nne zilizopishana.

Sasa ikae juu ya nini? Ukungu wako uko juu ya miti, na miti ya mita 12 kwa skeli yako ni kama sentimita 17. Toboa vitundu kwenye kuta za pembeni za boksi kwenye kimo hicho ukihesabu na ardhi, pitisha nyuzi za nailoni za kuvulia samaki kutoka ukuta hadi ukuta, zikaze. Hazionekani. Juu yake ndo unalaza zile tabaka, na vilele vya miti michache uviache vitokeze kidogo ukungu uzame katikati yake. Ukimaliza pulizia spreyi ya nywele ukiwa mbali, inashika bila kulowanisha.

TAFADHALI usitumie supaglu kwenye pamba au kitambaa cha pamba. Inachemka. Sio kwa kusema, supaglu ikiingia kwenye pamba inaganda kwa kasi na kutoa joto kali mpaka inafuka moshi, inaweza kukuunguza vidole. Na supaglu hiyo hiyo usiisogeze karibu na vioo vya chumba cha taa kule juu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na hautoki. Ule ukungu huutaki hapo 😅 Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa angavu.

Halafu foamu yako usiipulizie rangi ya kopo ikiwa tupu, vimiminika vya kwenye kopo vinaila inabaki mashimo. Ifunike kwanza na gundi ya mbao uliyochanganya na rangi nyeusi ya akriliki, mikono miwili (yaani upake mara mbili), unakuwa umeshapata na rangi ya msingi hapo hapo.

---

mtunga_vidogo:

Aisee nimepata shule ya bure. Huo mstari wa maji sikuwa nimeuwaza kabisa, naufanya leo leo. Dada_waya asante kwa onyo, supaglu ilikuwa mezani inanisubiri.

Imebaki merikebu. Nilikuwa nafikiria merikebu tatu ndogo, nizitundike kwa uzi kutoka juu. Mnaonaje?

---

KisuNaGundi:

usitundike, kitu kilichotundikwa kinazunguka na kutikisika kila ukipita karibu. na tatu ni nyingi kwa boksi la 40. fanya moja, ikate chini. yaani usichonge tumbo lote la merikebu, ishia pale ukungu unapoifikia, ilivyo kwenye modeli zinazowekwa juu ya maji. chini yake chomeka fimbo nyembamba ya plastiki angavu inayoshuka kupitia ukungu na kuingia ndani ya shina la mti mmoja mnene. hakuna atakayejua imeshikwa na nini. na isiwe 1:72, ifanye 1:150 uiweke nyuma kabisa, jicho litadhani iko mbali sana. meli ya mita 15 inakuwa sentimita 10, inakaa vizuri

---

rangi_mbili:

Samahani naingilia. Kazi ya fimbo ni safi KisuNaGundi ila nadhani inaua hadithi. Jamaa kasema ni mzee PEKE YAKE anayeziona. Ukiweka merikebu ya kuchonga pale, mtu yeyote akikatiza mchana taa zimezimwa anaiona, basi hakuna siri tena, ni mnara na meli vimekaa kwenye boksi.

Kuna njia ya zamani sana. Mwaka 1822 kule Paris Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walifungua jumba la maonyesho waliloliita Diorama, halikuwa na vidude vidogo kama vyetu, zilikuwa picha kubwa kupita kiasi, upana zaidi ya mita 20, zimechorwa kwenye kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na watu wanakaa gizani wanaangalia. Kulikuwa na madirisha na mapazia ya rangi, wakibadilisha mwanga unaotoka mbele na unaotoka nyuma picha inabadilika. Kufika 1834 Daguerre akawa anachora pande zote mbili za kitambaa. Mwanga ukitoka mbele unaona picha ya mbele, mchana. Ukizimwa ukawashwa wa nyuma, vilivyochorwa nyuma vinajitokeza, kanisa lililokuwa tupu linajaa watu. Jumba lenyewe liliungua moto 1839, mwaka ule ule aliotangaza upigaji picha wake, kwa hiyo hakufa njaa.

Ukuta wako wa nyuma ufanye hivyo. Toa karatasi ngumu iliyopo, weka fremu yenye kitambaa cheupe chepesi kilichokazwa vizuri. Usitumie karatasi, rangi ya maji itaikunja. Upande wa mbele paka anga la usiku, buluu nyeusi inayofifia kuwa kijivu karibu na ukungu, rangi iwe nyepesi ya maji maji kwa mikono mingi, ukiweka rangi nzito hakuna mwanga utakaopita. Upande wa nyuma funika WOTE kwa rangi nyeusi nzito isipokuwa maumbo ya merikebu. Hayo acha wazi. Mwanga wa nyuma ukiwa umezimwa kuna anga tupu. Ukiwashwa, merikebu zinatokea zinang'aa.

Mambo ya kuzingatia. Chora nyuma huku taa ya nyuma imewashwa na wewe ukiwa unachungulia mbele mara kwa mara, la sivyo utakuwa unabahatisha. Matanga yaache wazi kabisa, mwili wa merikebu upitishe rangi nyembamba mara moja ili uwe na giza kiasi, kamba usijaribu, kwa ukubwa huo zitakuwa nene kama magogo. Sehemu ya chini ya kila merikebu ififishe kwa kugusa gusa rangi na sponji ili izame kwenye ukungu bila kuwa na mstari. Na hapo tatu zinawezekana, hata tano, kila moja ndogo kuliko mwenzake.

Nyuma ya kitambaa acha nafasi ya sentimita 8 mpaka 10 kabla ya taa ili mwanga usambae, ndani kuwe kweupe, na funga kila upenyo. Ukiweka taa karibu sana utaona nukta nukta za LED badala ya tanga.

---

KisuNaGundi:

ok hapo nimekubali. fimbo yangu naiweka kabatini

---

pindo_la_boksi:

Mimi bado naona kitu cha kushikika kina uzito wake, picha ni picha. Ila kwa hadithi hii sawa, rangi_mbili ana hoja. Kwenye taa tu nisaidie: LED nyeupe inataka kama volti 3. Betri mbili za AA zinatosha kwa LED moja ya kwenye mnara, na zinadumu. Zile betri za kidonge ni ndogo na zinavutia ila zinaisha haraka, na nyumba yenye mtoto mdogo usiziache ovyo, akimeza ni hatari ya kweli. Kama unatumia chaja ya simu ya volti 5, kila LED ipe rezista yake (kile kidude cha kupunguza umeme) ya ohm 150, usizifunge kadhaa kwenye rezista moja. Nyuma ya kitambaa tumia utepe wa LED wa volti 5, ule rezista zake zimo tayari.

Rangi ya mwanga: mnara uwe wa njano ya joto, nyuma uwe mweupe wa baridi. Zikifanana zote mbili hadithi inachanganyika, mtu hajui merikebu zinamulikwa na mwezi au na mnara.

---

dada_waya:

Na msituni chini? Msiache giza totoro, kazi yote ya nanga na chaza haitaonekana. LED moja dogo la bluu iliyofifia lifichwe nyuma ya fremu ya mbele juu, linamulika kwa chini. Liwe linawaka muda wote.

Halafu kaka nina wazo la swichi. Usiweke swichi mbili. Taa ya mnara na taa ya nyuma zifunge kwenye swichi MOJA. Mtu akikuta boksi anaona msitu, mnara umezimika, anga tupu. Anabonyeza, taa ya mzee inawaka, na merikebu zinatokea wakati huo huo. Aliyebonyeza ndo amekuwa mtunza taa.

---

rangi_mbili:

Hii ndio yenyewe. Mkuu usipofanya hivi nitakuja kuifanya mimi.

---

mtunga_vidogo:

Dada_waya umenitoa machozi ujue. Nimemsomea mdogo wangu akanyamaza kidogo akasema basi sura hiyo anaiandika upya 😂

Wakuu nimeshajaribu kwenye kipande kidogo cha kitambaa, merikebu moja. Inafanya kazi! Tanga linatokea lenyewe, nimekaa nawasha nazima kama mtoto. Ila kuna mambo mawili. Kwanza mbele pale penye tanga naona kidoa chepesi hata taa ikiwa imezimwa, kama kitambaa ni cheupe zaidi hapo. Pili LED ya mnara nimeijaribu, ukuta wote wa mnara unang'aa mwekundu mwekundu, mwanga unapita kwenye karatasi. Na huyu mzee nimweke wapi, juu roshani au chini mlangoni?

---

rangi_mbili:

Kidoa kinatokana na weusi wa nyuma kuonekana kupitia kitambaa, sehemu zenye weusi zinakuwa na giza zaidi kuliko penye wazi. Ongeza mkono mmoja au miwili ya buluu upande wa mbele, kote, sio pale tu. Matanga yatapungua mwanga kiasi, fidia kwa kuongeza utepe wa LED nyuma. Pia ile LED ya msituni isielekee kitambaa, iinamishe.

---

KisuNaGundi:

mnara: bandika karatasi ya foili ndani ya bomba kuanzia chini hadi kwenye sakafu ya chumba cha taa, kama huwezi kufika paka nyeusi ndani mikono miwili mitatu kabla hujafunga juu. angalia na pale bomba linapokutana na sakafu, mwanga unapenda kutorokea hapo, ziba na gundi iliyochanganywa na nyeusi. waya angalia foili isiguse sehemu zilizo tupu, zifunge tepu

madirisha ya ngazi usiyazibe yote. acha moja la katikati lipate mwanga kidogo

mzee mimi nasema juu roshani. ameegemea reli, mgongo kwetu, anaangalia kule kule merikebu ziliko

---

dada_waya:

Mgongo kwetu ndiyo, uso wa milimita tatu utakusumbua bure. Ila asiwe katikati ya taa, atakuwa kivuli kimoja kikubwa kinachoziba mwanga. Msogeze pembeni kwenye kona ya roshani, nusu ya mwili ipate njano ya taa na nusu ipate mweupe wa nyuma. Hiyo mistari miwili ya mwanga mpake kwa brashi pia, usitegemee LED peke yake, kwa mtu wa sentimita mbili mwanga halisi hautoshi kumchonga.

Na mlangoni chini weka viatu vyake. Jozi moja, vina tope la msituni.

---

pindo_la_boksi:

Viatu vya milimita nne kila kimoja dada, utamuua mwenzio 😂

Mkuu la mwisho kabla ya kupiga picha: simu isiwe juu inaangalia chini, picha zote zinazoonekana toi zimepigwa hivyo. Lenzi iwe juu kidogo tu ya usawa wa ukungu, pale ukungu unaonekana kama uso wa bahari. Rudi nyuma hatua moja ukuze picha baadaye, ukisogea karibu sana lenzi inashika mnara tu na nyuma kote hakuonekani vizuri. Zima taa za chumbani, simu iegemeze kwenye kitu, tumia ile ya kuhesabu sekunde ili usiiguse. Tupia hapa zote mbili, imezimwa na imewashwa.